Askari wa Nne

Luteni Kanali mstaafu Pius Luhende alikuwa na nishani saba. Kulikuwa na ya utumishi mrefu na tabia njema, ya Msumbiji, ya vita vya Kagera ambayo walipewa wengi waliovuka mto ule, na nyingine za maadhimisho ya hili na lile. Lakini iliyomfanya ajulikane kuanzia Mkuyuni hadi Misungwi ilikuwa ile ya ushupavu. Alivishwa kwenye gwaride, uwanja umefurika, na redio ikalitaja jina lake. Baba yake, mchunga ng'ombe wa Kisesa ambaye hakuwahi kuona faida ya mtu kwenda jeshini, siku ile alichinja dume.

Alipanda cheo kwa cheo bila kubebwa na mtu. Alianza akiwa kijana mwembamba asiyejua kufunga kamba za buti, akapelekwa Monduli, akatoka na nyota begani. Aliongoza platuni, kisha kombania, kisha akawa mkufunzi, na mwaka 1990 akastaafu. Alijenga Mkuyuni, mjini Mwanza, nyumba ya matofali juu ya mawe ambako ziwa linaonekana hadi linapokutana na mbingu. Akanunua mashine ya kusaga.

Mji ulikuwa umebadilika. Viwanda vilikuwa vinapunguza watu, mitumba imetandazwa hadi kwenye milango ya makanisa, na mtu aliyekuwa karani wa ushirika jana, leo ana malori. Kila kitu kilikuwa ruksa. Luhende aliamka asubuhi, akawasha mashine, akakaa kwenye kiti huku unga ukimkalia kwenye nyusi. Wateja walimwita Kanali, wakachukua unga wao, wakaenda. Hakuna aliyemwuliza jambo. Mtu aliyezoea mamia ya watu kusimama wima akipita, sasa alikuwa anawapigia kelele mbuzi waliokuja kulamba pumba.

Ndiyo maana, mwaka 1995, Antoni alipokuja na habari za ubunge, hakumfukuza.

Antoni alikuwa mmoja wa wale makarani wa ushirika. Sasa alikuwa na kinu cha pamba na tumbo la kutosha, na chama kilimtegemea kwa mafuta ya magari na vipaza sauti.

"Kanali, watu wamechoshwa na maneno," alisema huku akijipepea kwa kofia. "Wewe huna haja ya kusema. Vaa zile nishani, usimame. Mimi ndiye nitakayesema."

"Siasa siijui, Antoni."

"Ndiyo maana watakuchagua."

Dorotea, mke wa Luhende, alikuwa uani anakaanga samaki. Alisikia yote. Mgeni alipoondoka, alimwuliza mumewe kama amekubali. Alipojibiwa ndiyo, alisema, "Haya," akageuza samaki.

Mkutano wa Kisesa ulifanyika mnadani, siku ya mnada, ili watu wasikosekane. Luhende alisimama jukwaani na suti nyeusi, nishani zote saba kifuani, jua likizipiga. Antoni alishika kipaza sauti kama mtu aliyezaliwa nacho. Akawasimulia barabara ile ya Uganda inayopita katikati ya kinamasi, maji na mafunjo kulia na kushoto, ambako kombania ya Kapteni Luhende ilikutwa katikati mizinga ya adui ilipoanza kunguruma. Akawasimulia jinsi kapteni alivyorudi chini ya risasi akambeba majeruhi mgongoni, akamfikisha salama. Akarudi tena, akambeba wa pili. Akarudi tena.

"Wa tatu!" Antoni alipaza sauti. "Wa tatu, ndugu zangu! Nionyesheni mgombea mwingine aliyebeba watu mgongoni! Wengine wanataka ninyi ndiyo muwabebe!"

Watu walicheka, wakapiga vigelegele. Vilipotulia, mama mmoja aliyekuwa amekaa chini karibu na wauza viazi alisimama. Alikuwa mrefu, mkavu, kitenge kimefungwa kifuani, rozari shingoni. Hakupaza sauti, lakini watu waliomzunguka walinyamaza, na ukimya ule ukasambaa.

"Kanali," alisema. "Mimi ni Paskazia. Mwanangu Nkwabi alikuwa kwenye kombania yako. Mlikuja kuniambia amekufa kishujaa. Sikatai. Hao watatu nimewasikia, na namshukuru Mungu kwa ajili ya mama zao. Ninataka kujua, wangu yuko wapi?"

Antoni alitaka kujibu. Luhende alikuwa ameshauona uso wa yule mama, na katika uso ule, kuanzia kwenye paji hadi kwenye kidevu, aliuona wa Nkwabi.

"Mayu," alisema bila kipaza sauti, kwa heshima ambayo Msukuma humpa mama, "nitakuja kwako kesho."

Antoni akapunga mkono, muziki ukafunguliwa kwa nguvu zote.

Luhende hakulala vizuri usiku ule. Alimkumbuka Nkwabi kuliko alivyowakumbuka wale watatu. Alikuwa kijana wa mgambo, mcheshi, anayejua kuiga sauti za maofisa. Alfajiri ile ya vita, Luhende alipomfikisha wa tatu na kugeuka, alimsikia Nkwabi akiita kutoka kwenye mafunjo. Hakuwa anaita jina la nchi wala la kamanda. Alikuwa anamwita mama yake kwa Kisukuma. Luhende alishapiga hatua kumwendea ndipo amri ya kurudi nyuma ilipofika, maana vifaru vya adui vilikuwa vimeshaingia barabarani na kombania nzima ingemalizwa pale. Alikuwa na watu zaidi ya themanini wa kuondoa. Akawaondoa. Sauti ile iliwafuata mbali sana. Waliporudi kesho yake na kulichukua eneo, walimkuta Nkwabi akiwa amekaa, ameegemea shina la mafunjo, amekufa. Wakamzika haraka pamoja na wenzake nyuma ya shule ya misheni, juu kidogo ya barabara, na vita vikaendelea mbele.

Hayo ndiyo aliyomweleza Paskazia, kwenye kigoda, ndani ya nyumba yake ya udongo yenye picha ya Bikira Maria ukutani. Dorotea alikuwa amemsindikiza, amekaa pembeni na kanga mdomoni. Luhende alisema yote bila kupamba. Alipofika kwenye ile sauti alisita, na Paskazia akamwambia, "Endelea."

Alipomaliza, kuku aliingia ndani, akatembea, akatoka.

"Alikuwa ananiita muda mrefu?" Paskazia aliuliza.

"Muda mrefu, mayu."

"Nilikuwa napalilia pamba. Mwezi ule nilikuwa napalilia." Aliitazama mikono yake kana kwamba ndiyo ya kulaumiwa. Kisha akasema, "Nipeleke."

"Wapi?"

"Nyuma ya hiyo shule. Umesema unapajua. Nipeleke nimwone mwanangu."

Antoni aliposikia alikuja mbio na gari, hata breki hakuzishika vizuri. Siku ya kupiga kura ilikuwa imekaribia. Alisema mama yule ametumwa na wapinzani. Alisema atawapeleka wote wawili hata Roma, baada ya uchaguzi. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Kanali, wewe ulitii amri. Ungekaidi, wangekufa wengi. Huna deni."

"Najua," Luhende alisema.

"Sasa unakwenda kutafuta nini?"

Luhende aliingia ndani akaanza kukunja mashati.

Waliondoka watatu, yeye, Dorotea na Paskazia, kwa meli ya Bukoba. Paskazia hakuwahi kupanda meli. Alikaa juu ya kifurushi chake daraja la tatu, katikati ya mikungu ya ndizi na watu waliojilaza, akakataa kula. Dorotea alimpa chai, akanywa nusu. Bukoba walipanda gari hadi Mutukula, na Luhende alipouona mpaka ule alishangaa jinsi ulivyo mdogo. Ofisi ya bati, kamba, na vijana wanaobadilisha fedha. Alikumbuka mahandaki, miti iliyokatwa vichwa na mizinga, ng'ombe waliovimba barabarani. Sasa palikuwa na bendera mbili na mtu anayeuza mandazi.

Upande wa pili, kila walikopita walikuta mafundi wanaranda mbao za majeneza kando ya njia, kwa maana ule ugonjwa ulikuwa umeingia katika nyumba za huko kama moto kwenye nyasi. Migomba ilikuwa imesongwa na magugu, hakuna wa kuipalilia. Mbele ya nyumba moja waliona watoto tu wamekaa na bibi kizee mmoja, basi. Paskazia aliangalia dirishani, akaanza kusali rozari, akaikariri hadi mwisho, akaanza upya.

Kinamasi Luhende alikitambua kabla gari halijasimama. Mafunjo yalikuwa yale yale. Barabara ndiyo ilikuwa ngeni. Ilikuwa imeinuliwa, ikapanuliwa, ikawekwa lami, na malori yalipita kwa kasi kuelekea Kampala. Shule ya misheni ilikuwa bado ipo kwenye kilima, imepakwa rangi mpya. Luhende alitembea mbele kwa miguu ya haraka, akapita madarasa, akapita choo, akafika nyuma. Akasimama.

Nyuma ya shule hapakuwa na ardhi. Palikuwa na shimo kubwa jekundu, pana kama uwanja wa mpira, kuta zake zimekatwa na meno ya mashine. Chini kulikuwa na maji ya mvua na mbuzi waliokuwa wanakunywa.

Alidhani amekosea. Alirudi mbele ya shule, akapima kwa macho kutoka kanisani hadi barabarani, akatembea tena. Akafika pale pale, kwenye ukingo wa shimo.

Katekista wa pale alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi Kisumu na kujifunza Kiswahili huko. Walimkuta anafagia kanisa. Aliposikia wanachotafuta aliweka fagio chini, akawatazama mmoja mmoja, akamwuliza Luhende kama wale mama ni ndugu wa marehemu. Luhende akamwonyesha Paskazia.

"Mama, pole," katekista alisema. "Walikuja watu wa barabara. Walihitaji changarawe ya kuinua njia kwenye maji. Walichimba hapa mwaka mzima. Misalaba ilikuwa ya miti, mchwa walikuwa wameshaila zamani. Aliyeendesha mashine hakujua. Siku alipoona mifupa alishuka, akaja kuniita. Tulikusanya tuliyoweza, ikawa kidogo, nikaizika pale kwenye makaburi ya kanisa. Iliyobaki ilikuwa imeshabebwa na malori."

"Ikapelekwa wapi?" Paskazia aliuliza.

Katekista aligeuza uso kuelekea bondeni, na wote wakageuka naye. Lori lilikuwa linapita, limejaa magunia, watu wamekaa juu wanaimba.

"Barabarani," alisema.

Luhende alikuwa ameona watu wakikatwa vipande na hakuanguka, lakini pale alishika ukuta wa kanisa. Dorotea alimfuata Paskazia akijua atalia, akanyoosha mikono kumpokea. Paskazia hakulia. Aliwaomba wamwonyeshe kwanza kaburi alilochimba katekista. Akapiga magoti pale, kwenye kilima kidogo cha udongo kisicho na jina, akasali. Kisha akainuka, akamwambia Luhende, "Sasa nionyeshe alipokuwa ananiita."

Waliteremka hadi barabarani. Luhende alitembea kando ya lami huku upepo wa malori ukimyumbisha, akihesabu vichaka na mikondo ya maji, hadi alipofika mahali akasema ni hapa au karibu na hapa. Paskazia alivua ndala, akashuka ukingoni hadi maji yakamfika vifundoni. Akashika funjo moja kwa mkono.

Alisimama hivyo muda mrefu. Halafu akaita, kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo Luhende hakudhani ingetoka katika kifua chembamba kile, "Nkwabi! Nipo! Mama yako nimekuja!"

Dereva wa lori alipiga honi akidhani wanaomba lifti.

Luhende alilia siku ile. Alikaa juu ya jiwe la kando ya barabara, mtu wa miaka hamsini na saba, akalia huku mkewe amesimama mbele yake kumkinga na macho ya wapita njia.

Kwenye meli, wakati wa kurudi, Paskazia alikula. Alikula ugali na dagaa wa mtu mwingine aliyemkaribisha, akafuta mikono, akamwambia Luhende, "Kisesa niliambiwa kifo cha kishujaa. Sikuwa na pa kukishika. Hiki ulichonipa wewe ni kibaya, lakini ni cha mwanangu. Waambie na wale wengine."

Walifika kampeni zikiwa zinamalizikia. Antoni alikuwa amewaambia watu kuwa Kanali ana malaria. Alimpandisha jukwaani Kisesa kwa mara ya mwisho, akamwomba apunge mkono tu. Luhende alichukua kipaza sauti. Hakuwa msemaji, na siku ile alisema vibaya kuliko kawaida, anaanza sentensi anaiacha. Lakini alisema. Aliwaambia nishani ile ni ya watu watatu, na kwamba wa nne alimwacha, na kwamba angeamriwa leo angemwacha tena, kwa sababu wale themanini nao walikuwa na mama zao. Aliwaambia wa nne alikufa anaita, na kwamba mifupa yake imo kwenye barabara ya watu. Akawataja wengine aliowazika yeye mwenyewe, kwa majina, na mahali. Akasema aliye na mtoto, au mume, au kaka aliyekuwa chini yake, ajue yeye yuko Mkuyuni kwenye mashine ya kusaga, na akiitwa atakuja.

Hakuna aliyepiga makofi. Mnada mzima ulisimama kama watu walio kanisani wakati wa misa ya wafu. Kisha mzee mmoja mbele alitema mate chini, akasema, "Hivyo ndivyo mlivyokuwa mnawaacha!" akaondoka, na wengine wakamfuata.

Kura zake zilikuwa chache hata kuliko za mwalimu ambaye hakuwa amefanya mkutano hata mmoja. Antoni hakumpigia simu wala kuja. Mashine ya kusaga ilikosa wateja kwa muda, maana kuna watu waliona ni mkosi kusagiwa unga na mtu wa namna ile.

Lakini walianza kuja wengine. Alikuja Sabina kutoka Magu, ambaye mumewe alikufa Masaka. Alikuja baba mmoja kipofu, akiongozwa na binti yake, kuuliza tu kama kijana wake alikuwa amevaa viatu alipokufa. Luhende aliwaeleza anachokijua, na asichokijua alisema hakijui. Asiyeweza kufika, alimfuata. Nyumba moja alipokewa vizuri, akapewa kuku. Nyingine mama alimmwagia maji machafu ya vyombo, akasimama akiwa amelowa hadi yule mama alipochoka kutukana, kisha akamweleza alichokuja nacho. Dorotea alifua zile nguo bila kuuliza.

Nyumba iliyomwogopesha kuliko zote ilikuwa ya Mzee Ngosha, Misungwi. Kijana wake hakuuawa na adui. Baada ya juma moja la mizinga, asubuhi moja, wenzake wakiwa wanapika chai, alienda nyuma ya gari, akajipiga risasi. Nyumbani walikuwa wameambiwa kama walivyoambiwa wote. Luhende aliiahirisha safari ile mwezi hadi mwezi, kisha siku moja ya Jumamosi, mwaka 1996, alipanda basi akaenda.

Alimkuta mzee chini ya ukuta wa nyumba, anasuka kamba ya katani. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua na za ng'ombe. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mwanamke anayetwanga na kuimba.

"Mzee," Luhende alianza, "nimekuja kwa ajili ya kijana."

Mzee Ngosha aliacha kusuka. Alitazama mlango wa nyumba, akasogeza kigoda karibu hadi magoti yao yakagusana.

"Kanali, nasikia unavyozunguka. Nimekuwa nakusubiri nikiogopa," alisema kwa sauti ndogo. "Alipita hapa mwenzake mmoja, mwaka ule ule wa vita. Alikuwa amelewa. Aliniambia mwenyewe, shambani, tukiwa wawili."

"Basi unajua."

"Najua. Yeye hajui." Alionyesha mlango kwa kidevu. "Huyo unayemsikia anaimba. Nimeibeba siri hii peke yangu miaka yote hii. Imenikata mgongo, lakini nimeshaizoea. Ukiisema sasa hivi, hatatwanga tena."

Maneno ambayo Luhende alikuwa ameyapanga njia nzima kutoka Mwanza yalikuwa bado yamemjaa kinywani. Alimfikiria Paskazia ndani ya maji, ameshika funjo. Alimtazama mzee huyu, ameshika katani yake.

Mwanamke alitoka, mnene, mchangamfu, jasho likimtoka. Alipomwona mgeni alipiga magoti kidogo, akauliza, "Huyu si yule Kanali wa redio? Wewe si ndiye uliyekuwa na mwanangu?"

"Ndiye mimi, mayu."

"Umeniletea habari gani?"

Mzee Ngosha aliinamisha kichwa.

"Nimekuja kuwasalimu," Luhende alisema. "Alikuwa kijana mpole. Alipendwa na wenzake." Hayo yalikuwa kweli.

Mama alicheka, akafuta macho kwa upande wa kanga, akasema ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Akamletea maji kwenye kata. Luhende aliyanywa yote, akarudisha kata kwa mikono miwili, akaaga. Mzee alimsindikiza hadi barabarani. Walisimama pamoja kwenye vumbi wakisubiri basi la Mwanza, na lilipochelewa, mzee akaendelea kusimama naye.